Mara Ishirini na Tano

Joe Dominguez alikulia Harlem, New York, katika ufukara wa kawaida wa mtaa ule, kisha akaja kuwa mchambuzi wa masoko ya hisa Wall Street. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, aliaga kazi. Hakuajiriwa tena mpaka alipofariki mwaka 1997. Hakurithi kitu wala hakushinda bahati nasibu. Kwa miaka kadhaa aliishi kama mtu mwenye mshahara mdogo kuliko ule aliokuwa akiupokea, akiba akainunulia hatifungani za Serikali ya Marekani, na siku riba ilipotosha kumlipia pango na chakula, alifunga droo ya meza yake ya ofisini akaenda zake. Miaka iliyofuata aliitumia kujitolea na kufundisha wengine alichokifanya. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Vicki Robin walikiweka katika kitabu, Your Money or Your Life, jina linalotokana na amri ya jambazi mwenye bastola: toa pesa au toa roho.

Wanachokidai wawili hawa hakihitaji elimu kubwa. Kwanza, andika kila senti inayoingia na inayotoka, hata ya peremende. Hili halitushangazi watu tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la rejareja Kariakoo analijua kuliko profesa wa uchumi. Hatua yao ya pili ndiyo iliyonifanya nikiheshimu kitabu. Wanasema usiamini mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Toa kwanza gharama zote unazoingia kwa sababu tu umeajiriwa, halafu ongeza saa zote ambazo kazi inakuchukulia bila kukulipa, ndipo ugawanye.

Chukua karani anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam, anayepokea mkononi shilingi 700,000 kwa mwezi. Kwa saa nane za siku 22, anaamini saa yake moja ina thamani ya karibu shilingi 4,000. Sasa ondoa nauli ya 2,500 kwa siku, chakula cha mama ntilie cha 3,000, na 29,000 za mwezi za shati, kiwi ya viatu na michango ya ofisini ya kumuaga huyu na kumpongeza yule. Zinabaki 550,000. Kisha ongeza saa nne za kila siku za kugombea daladala na kukaa kwenye foleni. Siku yake ya kazi imekuwa ya saa kumi na mbili, na saa moja anaiuza kwa shilingi 2,083. Kitenge cha 25,000 alichomnunulia mkewe kimemgharimu siku nzima, kutoka giza la alfajiri mpaka giza la jioni. Huenda kitenge kinastahili siku hiyo, tena pengine kinastahili mbili. Ila akishapiga hesabu hii, hata mara moja tu, bei haiangalii tena kwa jicho lile la jana.

Limebaki swali la lini zinatosha. Jibu lilitoka California mwaka 1994 kwa William Bengen, mshauri wa fedha ambaye alisomea uhandisi wa ndege kabla ya kuingia kwenye mambo ya pesa. Alizichukua rekodi za hisa na hatifungani za Marekani tangu mwaka 1926, akaweka wastaafu wa kufikirika katika kila mwaka, akawaacha wachote. Je, mtu achote kiasi gani mwaka wa kwanza, na kuongeza kila mwaka kadiri bei zinavyopanda, ili fedha zimfikishe miaka 30? Hata waliostaafu katika vipindi vibaya kabisa, asilimia 4 iliwavusha. Asilimia 4 ni sehemu moja ya ishirini na tano, kwa hiyo hesabu ikageuzwa: kusanya matumizi yako ya mwaka mara ishirini na tano, uache kazi. Bengen alikuwa akiwafikiria wazee, lakini vijana ndio walioichukua. Jacob Lund Fisker, mwanafizikia kutoka Denmark aliyehamia Marekani, aliishi kwa dola 7,000 hivi kwa mwaka na kuandika kitabu kuhusu hilo mwaka 2010. Pete Adeney, mhandisi wa programu za kompyuta mzaliwa wa Kanada, aliacha kazi mwaka 2005 akiwa na miaka 30, akatulia na familia yake katika mji wa Longmont, Colorado, akaendesha baiskeli na kukarabati nyumba kwa mikono yake.

Wanachokipenda watu hawa katika hesabu yao ni kwamba haiulizi unapata kiasi gani. Inauliza unabakiza sehemu gani. Kama mtaji wako unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, anayeweka akiba sehemu moja ya kumi ya kipato chake atafanya kazi miaka 51 kabla ya kufika. Anayeweka nusu atafika kwa miaka 17. Anayeweka asilimia 70 hamalizi miaka tisa. Kila shilingi usiyoitumia inafanya kazi mara mbili, kwani inaongeza akiba na papo hapo inashusha kiwango ambacho akiba hiyo inapaswa kukibeba. Hapo pana uzuri wa kweli. Pana uongo mdogo pia, maana mwenye kipato kinachoishia kwenye unga na kodi ya chumba hana nusu ya kuweka, na hesabu isiyouliza mshahara inaweza kumwambia kwamba kosa ni lake.

Mbinu zenyewe za kubana matumizi nazipita haraka, kwa kuwa hapa zitachekesha. Mwaka 1990 Amy Dacyczyn wa jimbo la Maine alianza kutoa kijarida cha kuwafundisha Wamarekani kuosha mifuko ya plastiki na kuitumia tena, kuvaa nguo za mitumba na kupika nyumbani. Bibi yangu angelipia jarida hilo ili asome nini?

Kinachoshangaza ni kwamba, kwa hesabu tupu, njia hii ni fupi zaidi Dodoma kuliko Colorado. Dominguez mwenyewe aliishi kwa hatifungani za serikali, na hizo sisi tunazo. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilipoleta sokoni kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka, ikilipwa kila baada ya miezi sita, na mlango wa kuingilia ulikuwa shilingi milioni moja. Nyumba inayotumia 500,000 kwa mwezi inatumia milioni 6 kwa mwaka. Kwa kanuni ya Bengen ingehitaji milioni 150. Kwa riba ile ingehitaji milioni 38. Bila shaka mwenye busara hali riba yote, kwa kuwa riba imesimama na bei zinatembea: kwa mfumuko wa asilimia 4 tu, shilingi hupoteza nusu ya nguvu yake kwa miaka 18. Basi na arudishe theluthi ya riba kwenye mtaji; milioni 57 zitamtosha. Ni fedha nyingi kwa mwalimu au muuguzi, lakini ni fedha anazoweza kuzifikiria bila kucheka.

Sihubiri hatifungani. Riba zile zilishushwa mwaka uliofuata, na anayeweka kila alicho nacho kwa mkopaji mmoja, hata akiwa Serikali, ajue alichokifanya. Ghana ilipoelemewa na madeni mwishoni mwa mwaka 2022 na kutaka wenye hatifungani zake wakubali masharti mapya, wastaafu waliosimama nje ya Wizara ya Fedha pale Accra na mabango mkononi walikuwa watu waliofuata ushauri wote mzuri wa kuweka akiba. Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo alisimama pamoja nao. Walisikilizwa, wakaondolewa kwenye mpango ule, lakini kwanza ilibidi wasimame juani.

Hata hivyo, riba sio inayowakwamisha watu wengi ninaowafahamu. Wanakwamia kwenye namba ya kwanza kabisa, ile inayozidishwa kwa ishirini na tano: matumizi ya mwaka. Adeney anajua Machi mwakani atatumia kiasi gani. Karani wa Chanika hajui, wala hawezi kujua, kwa sababu sehemu ya matumizi yake itaamuliwa na watu ambao bado hawajapiga simu. Mtoto wa dada amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni Sumbawanga na anahitaji nauli, godoro, ndoo na rimu ya karatasi. Kadi ya mchango wa harusi imetumwa kwa simu, na ndani ya kundi la kamati majina ya waliokwisha kutoa yanapandishwa kila jioni ili asiyetoa ajione. Kuna msiba, na msiba hauna kadi. Mchango wa 100,000 kwa saa za karani huyu ni saa 48, yaani siku nne kamili za kutoka gizani na kurudi gizani. Hakuna safu ya siku nne hizo katika daftari la Dominguez. 

Watu wetu walitafuta dawa ya hili zamani, na dawa yenyewe iko pembeni ya kila barabara inayotoka mjini: nyumba zisizokwisha. Ukipita Goba au Kivule utaona kuta zilizofika kwenye linta miaka mitano iliyopita, nyasi zimeota sebuleni, na mwenyewe bado amepanga chumba mbali na pale. Mchumi mgeni atasema hizo ni fedha zilizolala, hazizai hata senti. Ni kweli, hazizai. Lakini hakuna shemeji anayepiga simu kuomba akopeshwe matofali mia mbili mpaka mwisho wa mwezi. Fedha iliyo kwenye simu inaombeka, na aliyenayo atadanganya au atatoa. Fedha iliyo kwenye ukuta mwenyewe anaweza kusema hana, na atakuwa amesema kweli. Mwenye nyumba ile hana tofauti kubwa na Dominguez. Naye amebana matumizi kwa miaka, ila ameipeleka akiba mahali ambapo haimpi kipato kwa sababu mahali penye kipato pana wadai.

Nadhani hilo linaeleza sehemu ya hasira ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Mwaka 2018, mifuko ya hifadhi ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zilitaka mstaafu apewe robo tu ya mafao yake kwa mkupuo na zilizobaki apewe kidogokidogo kila mwezi. Kelele zilikuwa kubwa mpaka Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu. Wataalamu waliona ajabu: mtu anakataaje kulipwa kila mwezi mpaka kufa kwake, kitu ambacho Bengen alikitafuta kwa kompyuta? Lakini mstaafu alikuwa na nyumba iliyofika kwenye linta, na pensheni ya kila mwezi haiezeki paa.

Hapa kuna hitimisho lililo tayari, kwamba Wamarekani ni wabinafsi na sisi tuna utu. Mimi silikubali. Michango yetu ina utu ndani yake, na ina woga na aibu pia. Wapo wanaotoa kwa kuogopa msiba wao wenyewe usije ukakosa watu. Mzigo nao hauangukii mabega yote sawasawa. Humwangukia aliyesoma, na mara nyingi mzaliwa wa kwanza, na ndani ya nyumba humwangukia mwanamke ambaye kikoba chake ndicho kinachomalizia ada. Tena mchango ni mkopo ulioandikwa. Sijaona hesabu makini nchini kushinda za kamati ya harusi, ambapo aliyetoa 50,000 miaka minane iliyopita atarudishiwa si chini ya hapo siku binti yake atakapoolewa. Hiyo ni hifadhi ya jamii. Anayejitoa kwenye michango ili atimize mara ishirini na tano yake haongezi akiba tupu. Anauza pensheni moja ili anunue nyingine, na ile anayoiuza ndiyo inayobeba jeneza.

Mmarekani naye anaijua namba yake kwa sababu amekwisha kuwalipa wageni kazi ya undugu. Ana hifadhi ya jamii iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1935, ana bima ya nyumba na bima ya gari. Pale bima inapoyumba, namba nayo inayumba. Muulize aliyeacha kazi akiwa na miaka 40 kinachomnyima usingizi, atakwambia ni bima ya matibabu mpaka afike 65, umri ambao Serikali inampokea. Kumbe hata kwake kuna simu ambayo haijapigwa.

Kuna safu nyingine isiyochorwa, na hii inaniuma zaidi, kwa kuwa ni ya wale ambao sisi tunapokea kwao. Mzee wa ukoo huu wa kubana matumizi ni Henry David Thoreau, aliyehamia kando ya ziwa dogo la Walden, Massachusetts, Julai 1845, katika kibanda alichokijenga mwenyewe, na kuorodhesha gharama zake mpaka nusu ya senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Katika orodha hiyo kuna mbao, misumari na chokaa. Ardhi haimo. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson. Simlaumu kwa kukaa kwa rafiki, maana sisi sote tumekaa kwa watu. Najiuliza tu, mtu anayehesabu senti moja ya chaki aliwezaje kutoona shamba zima alilosimama juu yake.

Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaofuata njia hii leo wana orodha za namna hiyo. Wameandika intaneti, wameandika kahawa walizoacha kununua. Dada wa kazi, anayeamka saa kumi na moja ili wao wapate muda wa kusoma kuhusu uwekezaji, ameandikwa kwa mshahara wake tu, mstari mmoja, chini ya umeme. Yeye mara ishirini na tano yake ni kiasi gani? Hata akiweka nusu ya mshahara huo kwa miaka 17, hesabu nzuri ya Marekani itamfikisha kwenye maisha ambayo bosi wake asingekubali kuyaishi wiki moja.

Kizazi cha wazazi wetu kilikuwa na lugha kali kwa jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Karibu kila njia ambayo leo inafundishwa kama mlango wa uhuru wa kifedha ilitajwa pale kwa jina na kufungwa. Aliyekula bila kufanya kazi, ikiwa si mtoto, mgonjwa wala mzee asiyejiweza, aliitwa kupe. Masharti hayo CCM iliyalegeza katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Mimi si wa kuyalilia yote. Tulipanga foleni za sukari za kutosha. Lakini nikisikia mtu anasema fedha zake sasa zinamfanyia kazi, Azimio linanikohoza. Fedha hazilimi wala haziponyi majeraha. Riba ya hatifungani inalipwa kwa kodi ya mama anayenunua sabuni, na gawio la hisa limetoka kwenye jasho la mtu aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani. Kulipokea si dhambi. Kulipokea na kujiita huru, mtu asiyemtegemea yeyote, ni kutoandika safu moja.

Mwalimu mmoja wa sekondari ninayemfahamu Morogoro amezichora safu zote mbili. Anapanga kuacha kufundisha mapema, na daftari lake ni la kaunta, lile kubwa la jalada gumu, lenye nauli na vocha na chumvi. Kushoto kuna safu ameiandika Waliochukua. Kila Januari anaipangia kiasi, anawaambia ndugu zake bila kuzunguka kwamba mwaka huu ni hizi tu, na walio wengi, tofauti na alivyoogopa, wamezoea. Kulia kuna Walionipa: jirani anayekaa na mtoto mchana, kaka aliyemlipia chuo, shangazi anayemtumia mchele kutoka Ifakara kila mavuno. Mwaka jana shemeji yake alifariki na kiasi cha Januari kikapitwa vibaya, shilingi 1,800,000. Saa yake ya kweli, baada ya kutoa yote, ni 3,000, kwa hiyo mbele ya jina la marehemu ameandika saa 600, na tarehe yake ya kuacha kazi ameisogeza mbele kwa muhula mmoja. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema inamuuma sana, akanionyesha ukurasa wa kulia, ambako marehemu naye yumo, kwa paa la vyumba viwili alivyomsaidia kuezeka mwaka 2016. Mchele wa Ifakara ameshindwa kuugeuza kuwa saa. Ukimuuliza shangazi bei, anasema mwalimu asimtukane.